Chombo cha Kutupeleka Kisiwani: Kutoka Rongai hadi Ziwa Baringo



Sisi watu wa pwani tumezaliwa na visiwa mbele ya macho. Ndiyo sababu jamaa zetu wa Rongai walicheka tulipowaambia, katika likizo ya Agosti, kwamba tumepanda bara kutoka Mombasa na sasa tunataka kwenda kutembelea kisiwa. Rongai tunayoitaja si ile iliyo karibu na Nairobi. Ni mji mdogo wa Kaunti ya Nakuru, upande wa magharibi wa mji wa Nakuru, wenye mashamba ya mahindi na ya katani, na asubuhi zake zina baridi ya kumfanya mtoto wa Mvita aombe blanketi la pili. Bahari haiko huko. Lakini ukishika barabara ya kaskazini, Bonde la Ufa hushuka hatua kwa hatua, joto hurudi, na mwisho wa mteremko hulikuta Ziwa Baringo. Katikati ya ziwa hilo vimo visiwa, na kilicho kikubwa zaidi huitwa Ol Kokwe.

Katika safari hiyo tulijifunza jambo tulilodhani tunalijua tangu utotoni, nalo ni namna ya kuchagua chombo. Tumeona tuliandike hapa kwa kuwa likizo haziishi, na familia nyingi miongoni mwenu zitapanda vyombo kwenda Lamu, Wasini, Funzi au Mfangano. Mara nyingi chombo huchaguliwa katika dakika tano za mwisho, ufukweni, jua likiwa kali, watoto wakilia, na mtu asiyejulikana akitaja bei.

Tulikuwa watu 16: wazee wawili, wanaume watatu, wanawake watano na watoto sita, mdogo wao akiwa na miezi tisa. Mmoja wa wale wazee wawili ni shangazi yetu mkubwa, mzaliwa wa Pemba aliyeolewa Mombasa. Tangu Septemba 2011, ilipozama ile meli karibu na Nungwi ikiwa njiani kutoka Unguja kwenda Pemba, Shangazi hakupanda chombo chochote isipokuwa feri ya Likoni, nayo huivuka akiwa amefumba macho na midomo yake ikitaja jina la Mola. Jamaa zake wawili walikuwamo katika meli hiyo. Pemba kwenyewe hajarudi tangu mwaka huo.

Usiku wa kuamkia safari, baada ya chakula, mjadala ulianza. Kaka yetu mmoja alitaka tukodi chombo kimoja kikubwa. Hoja zake zilikuwa tatu: tutakuwa pamoja, gharama itapungua, na chombo kikubwa hakiyumbi. Wenyeji wetu walipendelea viwili vidogo, ila hawakuwa na sababu zaidi ya kwamba ndivyo walivyozoea. Shangazi alikuwa kimya, akimsuka mjukuu nywele. Kisha akasema, bila kuinua uso, "Meli iliyowachukua watu wetu haikuwa ndogo."

Hakuna aliyejibu. Shangazi akaongeza kwamba yeye atabaki ufukweni, atulindie vitu.

Tulipolala, maneno yake hayakutuacha. Ukubwa wa chombo ndio kitu cha kwanza ambacho jicho hukiona, na moyo hutulia kwa kukiona. Lakini ukikumbuka misiba ya majini iliyotufika katika Afrika Mashariki, utaona kwamba mara nyingi kilichouliza roho za watu si udogo wa chombo, bali ni mzigo uliokipita. Na tusiseme kwamba ziwa si bahari. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria kikikaribia gati la kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 200. Nchi kavu ilikuwa ikionekana kwa macho.

Tuliondoka Rongai baada ya swala ya Alfajiri. Tulipita Kampi ya Moto, tukafika Mogotio ambapo barabara hukata mstari wa ikweta, watoto wakashuka kusimama mguu mmoja kaskazini na mmoja kusini. Kuanzia hapo nchi hubadilika: mashamba hupungua, migunga huongezeka, mbuzi huwa wengi kuliko ng'ombe, na sweta huvuliwa moja baada ya nyingine. Marigat tuliikuta na joto lililomfurahisha Shangazi. Alisema kwamba hatimaye amepata hewa ya kibinadamu. Safari nzima ilizidi kilomita 100, na kabla ya saa 3 asubuhi tulikuwa Kampi ya Samaki, kwenye ukingo wa ziwa.

Ziwa Baringo lina maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ingawa hakuna mto unaoonekana ukitoka ndani yake. Rangi yake ni ya udongo, kwa sababu mito huleta tope kutoka milimani. Viboko wamo, na mamba pia. Jambo lililotushtua zaidi ni miti. Mbali na ukingo, vigogo vya migunga iliyokufa vilikuwa vimesimama ndani ya maji kama nguzo za nyumba iliyoezuliwa. Tangu mwaka 2010 hivi maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda, na Baringo limemeza mashamba, makazi, barabara na majengo ya hoteli. Njia aliyoijua nahodha miaka 15 iliyopita siyo njia ya leo. Chini ya maji yanayoonekana matulivu kuna visiki, nyua na kuta.

Tulikuwa hatujashuka vizuri garini dalali alipotufikia. Alikuwa kijana mchangamfu, mwenye ulimi mzuri. Alituonyesha mashua ndefu iliyofungwa kwenye kigogo, akasema inatuchukua sote kwa safari moja. Tulihesabu mbao za kukalia, tukaona ni nafasi ya watu 10, labda 11. Tukamwambia sisi ni 16. Akacheka kwa upole, akasema, "Watoto hawahesabiwi."

Kaka yetu alikuwa ameshatoa pochi. Shangazi, aliyekuwa ameketi juu ya mkeka chini ya mti na ambaye hatukujua kwamba anasikia, aliinuka. Alimwuliza dalali, "Mwanangu, mtoto akianguka majini, hahesabiwi vilevile?"

Yule kijana aliinamisha kichwa. Hakuwa mtu mbaya, bali alizoea kusema lile ambalo wasafiri walizoea kulikubali. Ni yeye mwenyewe aliyetupeleka kwa mzee mmoja wa Kiilchamus, nahodha wa miaka mingi, aliyekuwa akishona wavu kando ya mashua mbili za ukubwa wa wastani. Wailchamus ni watu wa ziwa hili. Lugha yao ni jamaa ya Kimaasai, na wavuvi wao wana mashua ndogo ajabu, inayofungwa kwa miti myepesi inayoota ukingoni, ya kumtosha mtu mmoja anayepiga maji kwa makasia mafupi ya mkononi. Tuliziona kadhaa zikipita, na mvuvi ameketi kana kwamba yuko juu ya maji yenyewe. Ile nayo ni chombo sahihi, kwa mtu mmoja mwenye wavu.

Shangazi aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuanza kumhoji yule mzee. Sisi wengine tulisimama nyuma kama wanafunzi. Kila mashua ina nafasi ya watu wangapi? Kumi. Na yeye hupakia wangapi? Wanane, kwa kuwa mchana upepo huamka na mashua nzito hunywa maji. Majaketi ya kuokoa maisha yako mangapi, na ya watoto yako wapi? Aliyatoa, tukayahesabu; ya watoto yalikuwa manne tu, naye akamtuma kijana kwa jirani akaleta mawili. Injini ikizima? Kuna makasia mawili, kamba, na mashua ya pili. Tutarudi saa ngapi? Kabla ya saa 7 mchana. Na tukitaka kukaa zaidi?

"Mama," alijibu yule mzee, "mkitaka kukaa zaidi, mtalala huko."

Shangazi aliinuka, akakung'uta buibui lake, akasema, "Nipeni jaketi."

Tuligawana watu wanane kwa kila mashua, na nafasi mbili zikabaki tupu. Watoto wachanga tuliwaweka katikati, wazito wakakaa chini, karibu na sakafu ya chombo, na hakuna aliyeachwa akae omo kwa ajili ya picha. Kwa akina mama tunalisema wazi jambo moja ambalo wengi huona haya kulisema: jaketi huvaliwa juu ya buibui, na kamba zake hufungwa zote. Upindo wa buibui ukusanywe na kufungwa kiunoni juu ya suruali au shuka, ili miguu iwe huru. Si vibaya kumwomba nahodha awageuzie wanaume uso wakati wa kupanda. Yule mzee alifanya hivyo kabla hatujamwomba. Tulisoma dua ya kupanda chombo, ile inayotukumbusha Nabii Nuhu, alayhi salaam, tukaondoka.

Asubuhi ziwa lilikuwa kama sahani. Tai mvuvi alishuka kuchukua samaki aliyerushwa na kijana wa mashua ya pili. Alikuwa amemtia kijiti chepesi mdomoni ili asizame, na watoto wakapiga kelele za furaha. Tulipokaribia Ol Kokwe, tuliona faida ya kwanza ya chombo cha wastani. Kisiwa ni cha mawe, kwa kuwa kilizaliwa na volkano, na hakina gati la kumpokea mtu kwa heshima. Nahodha alipunguza mwendo, akainua injini, akaiacha mashua iteleze kati ya miamba miwili mpaka omo likagusa mchanga. Shangazi alikanyaga kisiwa bila kulowa zaidi ya kifundo cha mguu. Ile mashua ndefu ingetuacha mbali, tukatembee ndani ya maji na wazee na mtoto mchanga, katika ziwa lenye mamba.

Wenyeji wa kisiwa ni wafugaji na wavuvi. Tulionyeshwa chemchemi za maji moto yanayotoa mvuke ukingoni, na wanawake wa pale waliwakaribisha wenzao chini ya kivuli. Tuliketi nao tukinunua shanga na kuulizana habari za bei ya unga. Hapo ndipo nahodha alipotusimulia habari ya abiria wakubwa kuliko wote waliowahi kuvuka ziwa hilo.

Mwaka 2011 twiga wanane wa aina iitwayo Rothschild, walio adimu, waliletwa katika rasi ya Longicharo, kwenye hifadhi ya Ruko inayoendeshwa na jamii za Wailchamus na Wapokoti, jamii ambazo zamani ziligombana sana. Maji yalipopanda, rasi ilikatwa na kuwa kisiwa, na kisiwa kikazidi kupungua. Mashua gani itamchukua twiga? Hakuna iliyokuwapo. Ikabidi itengenezwe: jukwaa la chuma lenye kuta ndefu, likielea juu ya mapipa matupu, ili likae juujuu na kufika mahali penye maji machache. Twiga walizoeshwa kulikaribia kwa chakula, siku baada ya siku. Tarehe 2 Desemba 2020 alivushwa wa kwanza, jike aliyeitwa Asiwa, jukwaa likisukumwa taratibu na mashua ndogo. Kazi haikuharakishwa. Wa mwisho walivuka Aprili 2021, na wote walifika salama.

Tulimsikiliza tukimtazama Shangazi. Watu wale hawakuuliza chombo kilichopo kinaweza kubeba twiga wangapi. Walianza na abiria mwenyewe, urefu wake na woga wake, wakatazama kina cha maji na ufukwe wa kushukia, ndipo wakaamua chombo kiweje. Sisi usiku uliopita tulianza na bei.

Hata huko duniani kwenye safari za fahari, wanaojua kazi hii hufikiri hivyo hivyo. Katika visiwa vya Galápagos vya Ecuador, meli ya watalii hairuhusiwi kuzidi abiria 100. Kule Antaktika, kwenye barafu ya kusini ya dunia, meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu hata mmoja, na hata kutoka meli ndogo hawashuki zaidi ya watu 100 kwa wakati mmoja mahali pamoja. Mwenye tiketi ya meli kubwa hupata vyumba vya starehe na sakafu isiyoyumba, lakini kisiwa hukitazama kwa darubini. Hata nyumbani, zile meli za kitalii zinazotia nanga Kilindini haziwezi kumfikisha mtu kwenye ngazi za mji wa Lamu. Atakayemfikisha ni mwenye mashua.

Saa 6 ikakaribia. Watoto hawakutaka kuondoka, na kusema kweli hata sisi wakubwa tuliomba nusu saa zaidi. Nahodha alitazama majani ya mti, akatikisa kichwa. Tulipanda tukinung'unika. Hatujafika katikati ya ziwa, upepo ulianza, na ile sahani ya asubuhi ikawa na mikunjo, kisha mawimbi mafupi yaliyopiga ubavuni na kuturushia maji usoni. Mashua ya pili, alimokuwamo Shangazi na mtoto mchanga, ilitoa mlio wa kukwaruza, na injini ikazima. Rafadha ilikuwa imenasa tawi la mti uliozama.

Chombo kisicho na mwendo katika mawimbi hugeuka ubavu, na hapo ndipo hatari huwa kubwa. Kijana wa mashua ile alichukua kasia, akaielekeza omo kwenye upepo. Nahodha wetu alizunguka, akaja upande usio na upepo, akarusha kamba. Haikuchukua zaidi ya dakika kumi kuitoa ile rafadha, lakini zilikuwa ndefu. Tulimwona Shangazi amempakata mtoto, jaketi limemfika kidevuni, macho yake yakiwa wazi. Kila mtu alibaki alipoketi, kwa kuwa tulikwishaagizwa hivyo. Kama tungekuwa katika chombo kimoja, sote 16, wengine wamesimama, nani angeturushia kamba?

Tulitia nanga kabla ya saa 7 na nusu. Tuliswali Marigat, Adhuhuri na Alasiri kwa pamoja kama wasafiri, na sijida za siku ile zilikuwa ndefu.

Wahenga wa pwani wamesema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tumezungumza sana, na sasa turudi kwenye kiini, kwa ajili ya familia itakayosimama ufukweni wiki ijayo. Kwanza, hesabu watu wote, na aliye mgongoni mwa mama ahesabiwe. Pili, uliza nafasi za chombo, kisha ondoa mbili. Kama hesabu haikubali, kodi vyombo viwili viende pamoja, au vuka kwa zamu. Tatu, uliza kisiwa kinapokelea wapi: penye gati chombo kikubwa kina raha yake, penye mawe na mchanga chukua kinachokaa juujuu. Nne, uliza maji yenyewe: mkondo wa Lamu si sawa na bahari iliyo wazi, na chombo kinachofaa asubuhi huenda kisifae jioni. Tano, vaeni majaketi kabla ya kupanda, kwa kuwa hakuna atakayepata nafasi ya kulifunga wakati wa shida. Sita, mchague nahodha anayeweza kukuambia hapana. Gharama ya mashua ya pili ilituuma, hatukatai. Tulipunguza siku moja ya matembezi ili kuilipa.

Usiku ule tulirudi Rongai, baridi ikatupokea, na chai ya tangawizi ikapita. Watoto walilala mapema. Kaka yetu, yule wa mashua moja kubwa, alikuwa akimpasulia Shangazi kuni, jambo ambalo hakuombwa. Shangazi alikaa karibu na moto akikausha viatu vyake. Baada ya kimya kirefu, aliuliza, kana kwamba anauliza bei ya sukari, "Hivi siku hizi, meli za Pemba huruhusiwa kuchukua watu wangapi?"

Tulimwambia hatujui, ila tutauliza. Akasema tuulize na majaketi, na saa za kuondoka, na kama hupakia zaidi siku za sikukuu. Tumeshaanza kuuliza.